Maili Zilezile, Arusha hadi Loliondo

Siku ya kwanza kazini, katika kiwanja cha ndege cha Arusha enzi za Mwingereza, nilikabidhiwa ramani, rula na penseli. Bwana Msimamizi, Mwingereza mfupi aliyependa chai na kuchukia makosa, alinifundisha kazi ya karani wa safari: pima mstari kwenye ramani, gawanya kwa mwendo wa ndege, upate muda. Loliondo ilikuwa maili mia moja na kumi na tano. Ndege yetu ndogo ilikwenda maili mia kwa saa, basi ni saa moja na dakika tisa. Nilijiona msomi hasa!

Asubuhi moja boma la Loliondo liliita kwa redio. Mke wa mwalimu alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto hatoki. Nikapiga hesabu, nikawaambia ndege itafika saa nne na dakika tisa, waondoe ng'ombe kiwanjani kabla ya hapo, maana kule kiwanja ndiyo malisho. Rubani akaruka saa tatu kamili.

Ndipo nikainua macho. Wingu la kilele cha Meru lilikuwa limelala kuelekea magharibi. Mama yangu kule Akheri, asiyejua a wala be, akiliona hivyo haaniki kahawa: huko juu kuna upepo mkali, hata kama chini majani ya mgomba yametulia. Upepo ule ungemsukuma rubani afike mapema, akute ng'ombe bado wanakula. Angezunguka hewani akila mafuta, kisha arudi akipambana na upepo huohuo.

Niliita Loliondo kwa redio, lakini walipoitika tayari yalikuwa yametokea: rubani alizunguka, akatua, akampakia mke wa mwalimu, akaondoka. Nilikwenda kuungama.

"Wewe mtoto ya mlima hii," Bwana Msimamizi alisema. "Kwa nini hapana angalia?"

"Niliangalia rula, bwana."

Hakunifukuza. Alitoka na kikombe chake, akasimama nami kwenye uzio. Chai ikapoa bila kuguswa. Muda wa ndege kufika ukapita, na mimi nikamwomba Mungu kwa Kimeru, maana Kiswahili kilinikimbia.

Ilitua. Injini ilizimika katikati ya uwanja, tangi tupu, tukaisukuma kwa mikono. Jioni hospitali ikapiga simu: mama mzima, binti mzima.

Nilifanya kazi ile hadi kustaafu, na sikutoa muda wowote kabla ya kutazama kilele. Mke wangu hunicheka kwamba hata nikienda sokoni lazima nitazame mlima kwanza.

Binti yule ni muuguzi sasa. Juzi alikuja Akheri, akanipa shikamoo, akauliza, "Baba, kurudi ilichukua muda gani?"

Nikamwambia sijui. Kazi yangu ilikuwa kuandika saa ya kutua katika kitabu cha safari, na Bwana Msimamizi hakuwahi kusamehe safu tupu. Safu ya siku ile aliiona tupu, akafunga kitabu. Ndege ilipotua, hakuna kati yetu aliyekuwa ameangalia saa.