Mstari Nyuma ya Kabati

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima maji yaliyokwisha kupita. Hata leo nikiieleza watu hucheka, lakini mimi iliniteka tangu siku ya kwanza. Mto hufurika, hushuka, na majuma baadaye mnafika na tepu kuuliza: ulifika wapi? Jibu hukaa kwenye vitu: takataka zilizonasa juu ya ua wa miiba ya kayaba, tope lililokaukia ukutani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ofisi yetu ya Upper Hill ilitutuma kukagua madaraja madogo ya magharibi mwa jiji, ijulikane ni yapi yajengwe upya kabla mvua haijayabeba.

Mhandisi aliyetuongoza alikuwa Singasinga mzaliwa wa Nairobi, mwenye maswali mengi kuliko mimi. Alisema mabomba ya kupitishia maji chini ya madaraja yale yalipimwa kwa mvua za zamani, na mvua za zamani zimeacha kuja. Hakutaka hadithi, hata za kweli. Pasipo alama ya kupima, daraja halikuingia katika ripoti.

Daraja nililolingojea kwa hamu lilikuwa letu, kule Kabiria, chini ya boma la mama. Mama aliuza maziwa Dagoretti Corner. Masika yaliyotangulia, maji yalipita juu ya daraja, yakaingia hadi sebuleni, njia ya sokoni ikakatika, na maziwa yakamchachia nyumbani siku baada ya siku. Tangu hapo kila aliyemsalimia alipewa habari za daraja kabla ya kujibiwa salamu. Basi Jumapili moja nikamwambia kwa furaha kwamba Jumatano nitaleta wageni wa kazini waje kuliona.

Jumatano tulikuta ukuta wa nje uking'aa kwa chokaa mpya. Ua wa kayaba ulikuwa umekatwa na kuchanwa kama kichwa cha mtoto wa kupelekwa kanisani. Hata nguzo za zizi zilikuwa zimesuguliwa. Mama alitoka na kitambaa chake cha Krismasi kichwani, na mezani chai ya maziwa na nduma za kuchemsha zilikuwa zikifuka mvuke. Mhandisi akaizunguka nyumba yote, akarudi mikono mitupu.

"Mama, maji ilifika wapi?"

"Ilifika hapa." Akashika kiuno. Akafikiria kidogo, akashika mbavu. "Ama hapa."

"Kuna mahali imeacha alama?"

"Alama? Sasa mimi naweza karibisha watu kwa nyumba iko na matope?" Akanigeukia. "Si wewe ndio uliniambia wageni?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji wangu alikuwa ameifuta dawa yake kwa sabuni. Nikamweleza polepole kwamba bila alama, daraja lake litaachwa. Uso ukamshuka. Akalitazama kabati kubwa la vyombo, nami nikaanza kujiuliza anatazama nini.

Kabati lile halikuwahi kusogezwa mbele ya mgeni. Mama angeona afadhali kuomba chumvi kwa jirani aliyenuniana naye kuliko mtu aone vumbi la nyuma yake.

"Shika hapo," akaniambia ghafla, naye akashika upande wa pili. "Na musiangalie buibui."

Nyuma ya kabati, mstari wa tope ulikatiza ukuta. Mhandisi akachuchumaa, akapima, akapima tena, akacheka kwa raha. Kisha akatoa chaki, akachora mstari mwingine juu ya ule wa tope.

"Na hiyo ni ya mwaka gani?" mama akauliza.

"Hiyo bado haijanyesha, mama. Lakini daraja lazima tujenge ya hiyo."

Mama akaweka kidole kwenye chaki, akatembea nacho ukutani hadi kwenye picha ya marehemu baba, aliyoitundika chini kidogo ili waonane akiwa ameketi. Maji ya masika yalikuwa yameishia chini ya fremu. Kidole kikamkata baba kidevuni.

Daraja letu liliingia katika ripoti, na baadaye likajengwa. Mama hakungoja. Mhandisi hajamaliza chai, yeye yuko juu ya stuli na nyundo, picha kwapani.

"Nyinyi shughulikeni na daraja," akasema, msumari mdomoni. "Mzee wangu hawezi lowa."