Fulana ya Golikipa

Kudura ndiye aliyekuwa akifua fulana za timu ya Musoma, na kazi hiyo aliipata kwa sababu ya mume. Hamduni alikuwa golikipa, mrefu, mwenye mikono ya kudaka na mdomo wa kutukana marefa. Tangu alipomwoa Kudura, wenzake waliona hakuna haja tena ya kuhangaika na dobi. Kila baada ya mechi mwanamke alibeba karai hadi kwenye mawe ya ziwani, akafua, akaanika, na ile ya kijani, ya golikipa, aliianika peke yake mahali penye jua zuri. Wanawake wenzake walimcheka. Aliwaacha wacheke, kwa kuwa alimpenda mumewe na hakuona la kuficha.

Ikaja mechi ya Bunda. Refa, Masatu wa Guta, alipuliza penalti mchezo ukiwa ukingoni, na Hamduni akamwangusha chini, akamkanyaga mkono wa kulia mbele ya umma mzima. Mkono ulivunjika, ukaunga vibaya, na jembe haukulishika tena. Hamduni alipewa kifungo kirefu, akapelekwa Mwanza. Wale wale waliokuwa wakimbeba mabegani walisema amevuna alichopanda. Ndivyo walivyo washangiliaji, na mimi sijawahi kuwapenda.

Siku za kwanza Kudura hakuifua ile fulana. Aliilalia. Jasho la Hamduni lilikuwa bado shingoni na kwenye makwapa, na kwa hilo aliweza kupata usingizi. Kisha timu ikaitaka kwa ajili ya golikipa mpya, ikabidi aitie sabuni. Iliporudi kufuliwa ilikuwa na jasho la mtu mwingine, naye akalia pale pale kwenye mawe, karai likiwa mbele yake.

Mama yake alikuwa mzaliwa wa Butiama, na kwa mama huyo alijifunza kwamba kwao, aliyemlemaza mtu mkono huwa mkono wa mtu huyo mpaka mazao ya msimu mmoja yapite ghalani. Bila hivyo ugomvi haufi. Kwa hiyo alifunga kapu la samaki wakavu akaenda Guta. Lukresia, mke wa Masatu, aliliacha kapu pale pale mlangoni. Masatu alimsikiliza. Kudura akaahidi kwamba siku Hamduni atakapotoka, hatakanyaga nyumbani kwake kabla ya kulima shamba la pamba la Masatu msimu mzima. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kifungo kilikuwa kirefu, na mbele ya miaka yote hiyo msimu mmoja ni kitu gani? Alimtumia Hamduni habari kwa dereva wa lori, na jibu lilirudi kwamba amekubali.

Hakujua kwamba Malkia wa Uingereza angetawazwa na serikali ingeachia baadhi ya wafungwa, Hamduni akiwemo. Musoma ililipuka kwa furaha. Waliosema amevuna alichopanda walisahau walichosema, ngoma zikatolewa, na mashindano ya mwaka huo yakahesabiwa kuwa yao kabla ya kuchezwa. Bunda waliapa kwamba uwanja wao hataukanyaga. Kule Butiama watu walibishana nje ya kanisa mpaka jua likawa kali, kama msamaha wa mtu ambaye hakuguswa ni msamaha au ni sherehe tu.

Siku ya meli ya kutoka Mwanza umati ulijaa gatini. Nassibu, kapteni wa timu, alikuwa ameishika fulana ya kijani, ikiwa imepigwa pasi. Kudura alikuwa amejifukiza udi, na nyumbani ameacha chungu cha sato kikiwa jikoni. Meli iliteremsha abiria wote, na Hamduni hakuwemo. Alikuwa amekuja kwa nchi kavu, kwa lori, akashuka Bunda, akaelekea Guta na furushi lake.

Pamba ya mwaka ule ilichumwa, mabua yakang'olewa, lakini haikuhesabiwa, kwa kuwa Hamduni hakuilima tangu mwanzo, na Kudura bado alikuwa analala peke yake. Zamani alitenganishwa na mume kwa kuta za gereza, akaweza kuvumilia. Sasa alitenganishwa naye kwa maneno yake mwenyewe, na hilo lilimchoma zaidi. Mvua za kupandia zilipokaribia, Nassibu alimfuata.

"Shemeji, kamwombe Masatu amwachie," alisema. "Serikali imeshasamehe. Yeye ni nani?"

Kudura alikwenda, na kusema kweli alikwenda kuomba. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Lukresia alimpokea uani, akakisia kilichomleta.

"Malkia hakuvunjika mkono, mama," alimwambia taratibu, kisha akamkaribisha kivulini.

Kutoka pale aliwaona. Hamduni alikuwa anatangulia na jembe, kifua wazi, shati limetundikwa kichakani. Masatu alimfuata akidondosha mbegu kwa mkono wa kushoto. Walipokuja kula waliketi kwenye sinia moja. Hamduni, yule mwenye mdomo mchafu, alimega ugali, akaufinyanga, akamchambulia mwenzake samaki miiba, akamsogezea upande wake. Masatu alikula bila kumtazama, kama mtu anavyokula kwa mkono wake mwenyewe.

Walipomaliza, Kudura aliwamiminia maji ya kunawa.

"Utarudi lini?" alimuuliza mumewe, walipoachwa wawili.

"Pamba ikipita ghalani. Wewe si ndiye uliyesema?"

"Ni mimi. Nakutaka nyumbani, Hamduni."

"Najua. Hata mimi."

Kudura alikitazama kichaka. "Basi nipe hilo shati, nikakufulie. Limechafuka."

Hamduni alimpa. Kesho yake, Musoma, Nassibu alimkuta kwenye mawe ya ziwani, akauliza Masatu amesemaje. Kudura alisema hakumwomba. Nassibu akaondoka kwa hasira. Kudura alizifua fulana zote, na ile ya kijani akaianika pamoja na nyingine. Shati la Guta alikuwa ameliacha nyumbani, chini ya mto wake, na vumbi lake na jasho lake, na hakulifua mpaka pamba ilipopita ghalani.