Walitaka tutoe gunia linalokoroma kwenye mod yetu ya malori

Wakuu, habari zenu popote mlipo. Niko Nyeri mjini, na hii ninayoandika ilitokea. Asiyeamini apite dukani kwa Hassan, laptop iko.

Nimepita miaka arobaini, shule niliishia form four, na sijawahi kukaa mji mmoja nikatulia. Nimekuwa turnboy, yaani utingo wa lori, Sagana, nimeuza spea Kutus, nimekaa Nanyuki. Barabara nilizozipenda zimebadilika. Kwa hivyo nilipoonyeshwa game ya kuendesha malori, niliingia mzima mzima.

Shida ni kwamba barabara zote ni za Ulaya. Hakuna tuta hata moja.

Hassan ni fundi wa simu, mzaliwa wa hapa hapa Nyeri. Anajua kutengeneza mod, yaani vitu ambavyo wachezaji wenyewe wanaongeza kwenye game. Tukaanza kujenga barabara ya kutoka Kagio kupitia Sagana na Karatina hadi Nyeri. Mimi nakumbuka kona, yeye anachora.

Upuzi ulianza na Mwalimu Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuwa akifundisha huku. Siku moja aliomba lifti Kagio, akapanda nyuma ya lori la mchele na kulala juu ya magunia. Manyunyu yakaanza, watu wakavuta turubai bila kumwona.

Kufika soko la Nyeri, wabebaji wakamshika miguu na mabega wamshushe. Mmoja akalalamika kwamba gunia hili limepakiwa vibaya.

Mwalimu hata hakufungua macho. Akasema, "Polepole, vijana. Huyu ni mtumishi wa serikali."

Basi Hassan akaweka hiyo kwenye mod. Ukipakia mchele Kagio, gunia moja linakoroma. Ukifunga breki ghafla, linaongea, na sauti ni ya Mwalimu mwenyewe, tulimrekodi dukani akiwa na chai mkononi. Baadaye alipata transfer akarudi kwao, lakini sauti ilibaki.

Sasa sikizeni.

Kuna kikundi kikubwa cha Nairobi kinachokusanya mods za Kenya na kuzitoa pamoja. Admin wao akaandika kwamba map yetu ni safi sana na wanaitaka. Sharti moja tu, tutoe utani, hasa lile gunia. Ati joke ya watu watatu haieleweki na inafanya kazi ionekane ya kitoto.

Nikasema hapana, hapo hapo.

Lakini kwa Hassan hiyo ilikuwa nafasi ya maisha. Jina lake lingeonekana na watu wanaotengeneza games, na angeweza kuachana na vioo vya simu vilivyopasuka. Aliniangalia akasema, "Mzee, wewe ukichoka utahamia mji mwingine. Mimi niko hapa."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nikamwambia atoe.

Akatoa. Lori likazama Kagio mpaka kwenye milango.

Wale mnaotengeneza mods mtacheka. Gunia la Mwalimu ndilo alilotengeneza kwanza. Yale mengine yote alikopi kutoka kwake, akazima tu sauti. Ukimtoa Mwalimu, game haijui mzigo ni nini. Tulikuwa tumejenga shehena nzima juu ya mtu aliyelala.

Hassan ni fundi, akarekebisha. Tukaendesha ile mod safi kutoka Kagio hadi Nyeri na hakuna kitu kilichoharibika. Ila duka lilikuwa kimya. Hapo kwa kawaida watu wanagombania zamu.

Mama Njeri, anayeuza chapati mlango wa pili, hajawahi kushika game. Huwa anasimama pale akingojea breki. Hassan akafunga breki, kimya. Mama Njeri akauliza, "Na Mwalimu mmempeleka wapi?"

Hassan akavuta laptop, akalirudisha gunia na kumwandikia admin mstari mmoja: "Gunia likishuka, lori halitoki Kagio."

Mkusanyiko wao ulitoka na barabara ya watu wengine, laini kama sakafu ya benki. Hassan bado anabadilisha vioo.

Na bado nasema tulifanya vizuri. Mnaotuambia utani wa ndani unafukuza wageni, mmewahi kwenda ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu? Mgeni hajui kwa nini kila mtu anamcheka mjomba fulani akisimama kuongea, lakini naye anacheka, na akirudi kwao anahadithia. Mod inatengenezwa na watu bila mshahara. Ukitoa kile kilichowachekesha wakitengeneza, umebaki na lami tu, na lami kampuni ya game inayo tayari.

Wiki jana Hassan aliongeza barabara ya Kutus. Nikaendesha, nikasikia magunia mawili yanakoroma. Nikamuuliza la pili ni nani.

"Ni wewe. Nilikurekodi ukisinzia hapo kwa benchi. Sasa hama vile unataka."

Nililoshika ni hili: tengenezeni vitu vyenu na upuzi wenu ndani, anayetaka lami tupu aende kwa wenye lami. Wewe uliyewahi kuambiwa utoe utani wako kwenye kazi yako, ulitoa ama ulikataa? Semeni hapa chini. Na admin, kama unasoma, wewe pia karibu.