Siku Niliyotia Kuku Ndani ya Tanuri la Mikate

Nacheka, ndiyo, lakini nacheka kwa sababu nyie mmeshaanza, na kuchekwa peke yako kunauma zaidi. Ombi langu moja tu: asiniite mtu Mama Kuku mpaka nimalize. Mimi ni Mama Divine wa Butihinda, na nilikuwa mpika mikate. Aibu ya kuacha kuwa mpika mikate niliitafuta mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Mikate nilijifunza kambini Tanzania, huko nilikokulia. Tuliporudi Burundi, mimi na mume wangu Anicet tulijenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba, kwa mikono yetu, na haikupita miezi mingi kilima kizima (huku kijiji tunakiita kilima) kikawa kinanunua mkate kwangu kabla watoto hawajaenda shule. Shida ilikuwa moja: tanuri halikuwa na paa. Kila mvua ikipiga udongo unapasuka, mimi naziba, unapasuka tena, na masika yalikuwa yanakuja. Nilihitaji mabati sita. Sita tu! Bila hayo tanuri haliponi, na bila tanuri nabaki na jembe na maharage kama kila mtu.

Ndipo mkuu wa kilima akatangaza kwamba Alhamisi watakuja wageni wa shirika kutoka Gitega, wanasaidia watu wenye biashara ndogo ndogo. Mimi nikasikia "wanasaidia", mengine yakanipita. Sasa niwaeleze, maana wengine hamjawahi kuishi kambini: wakija watu wenye daftari, godoro linakwenda kwa jirani, redio inafunikwa, sufuria nzuri inaingia chini ya kitanda, na wewe mwenyewe unavaa lile gauni ambalo hata kudekia unalionea huruma. Anayeonekana anacho, anarukwa. Marehemu mama yangu alikuwa bingwa wa kazi hiyo na mimi nilikuwa fundi wake.

Anicet akaniambia, "Mke wangu, hawa wanataka biashara. Si uwaonyeshe biashara?"

"Wewe wageni huwajui," nikamjibu (yeye aliyekulia kambi ileile, nyumba ya nne kutoka kwetu!).

Basi. Unga na trei nikazipeleka kwa jirani yangu Spès. Likabaki tanuri, na tanuri huliingizi chini ya kitanda. Nikafikiri weee, nikamwomba Spès aniazime kuku wake wanne na jogoo, ili niwatie mle ndani lionekane banda. Spès akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuangalia kama nina homa, halafu akaniazima.

Tatizo, asubuhi ya Alhamisi nilikuwa nimepika mikate kama kawaida, kwa unga na trei nilizobakisha (wateja wangu ningewaambia nini?), nikijua wageni wakisema saa nne watafika saa nane, ndivyo wageni walivyo. Walifika saa tatu. Nasikia gari kwa mbele, tanuri bado la moto, nikatandika majani mabichi ya mgomba haraka haraka, nikaswaga kuku ndani, nikafuta unga kwenye nyusi, nikatoka na lile gauni huku nimelegeza bega moja kama mgonjwa.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa mjini Gitega, Madamu Zaituni, kitambaa safi kichwani, na aliposikia Kirundi changu cha kambini akahamia Kiswahili. Alikaa na mimi vizuri, akauliza watoto, akauliza shamba, halafu akazunguka nyuma ya nyumba.

"Mama, na hii iko nini?"

"Banda la kuku, madamu."

"Ah bon! Mi sijaonaka kanyumba ka kuku kenye iko hivi." Akainama mlangoni. Kuku walikuwa wanainua miguu, mmoja mmoja, kushoto, kulia. "Mbona ziko zinacheza?"

"Wanafurahia wageni."

Akaingiza mkono. "Lakini iko na joto!"

Hapo ndipo ningesema ukweli, si ndiyo? Mdomo ukanitangulia. "Ee, vifaranga wanapenda joto, kwa hiyo naweka moto kidogo alfajiri, nautoa, ndipo nawaingiza." Vifaranga gani, wakati hapakuwa na hata kimoja! Yeye akaandika. Akapiga picha. Akavuta pumzi. "Na hii harufu ya mkate?"

"Kwa jirani."

Akafunga daftari taratibu, akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Mama, juu ya mikate sasa. Sisi tuliambiwa hapa Butihinda iko mama mmoja anapika mikate ya muzuri sana. Wewe unamujua?"

Nawaapia, nilimwona Anicet nyuma yake anatikisa kichwa juu chini, juu chini, macho yamemtoka, ananiomba niseme. Lakini mimi nikawaza, wanamtafuta mwenye mikate ili wamfute kwenye orodha. Nikasema, "Nilimjua, madamu. Alihama. Alirudi Tanzania."

Yaani baada ya miaka yote ile ya kungoja kurudi kwetu, nikajirudisha ukimbizini kwa mdomo wangu mwenyewe! Madamu Zaituni akasema "Dommage," yaani bahati mbaya, wakapanda gari, wakaondoka. Anicet akachukua jembe, akaenda shamba, akarudi jioni.

Wiki tatu baadaye ikaja barua: naitwa Gitega, kwenye semina. Nikamwonyesha Anicet, nikaringa mbele yake na ile barua, nikavaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, njiani kichwani mwangu nikawa nishayapigilia misumari mabati yote sita. Naingia ukumbini, akina mama wamejaa, wengi wao waliorudi kama mimi, na ukutani kuna picha kubwa inamulikwa. Tanuri langu! Na jogoo wa Spès amesimama mlangoni, kifua mbele, utadhani amelijenga yeye.

"Huyu mama," Madamu Zaituni akawaambia watu, "ametengeneza kanyumba ka kuku kenye kanatunza joto, na udongo tu! Mama Divine, kuja utuelezee."

Nikaenda. Mwanzo nilitaka kusema maneno mawili tu nikae, lakini wakapiga makofi, na makofi ni kitu kibaya jamani, yanamlevya mtu, nikajikuta naeleza unene wa ukuta, naeleza majani ya mgomba, naeleza vifaranga wanavyolala usingizi mnono, na akina mama wa watu wanaandika!

Katikati ya makofi akasimama mama mmoja nyuma. Nikamtambua, nikatamani sakafu inimeze. Alikuwa Jeneroza wa Mwakiro. Tulikuwa wote kambini, na alipokuja kunitembelea mwaka wa kwanza wa kurudi alikaa kwangu siku nne nikamfundisha mikate.

"Mi nataka kushukuru tu," akasema, na machozi yanamlengalenga, masikini, hana hata chembe ya ubaya. "Huyo ni mwalimu wangu. Hilo tanuri niliziba nyufa zake kwa mikono hii, na mkate wa kwanza maishani mwangu niliutoa mle. Bila yeye nisingekuwa na biashara." Halafu akaitazama tena picha, akakunja uso. "Ila dada, kuku wameingiaje?"

Madamu Zaituni akanigeukia polepole.

"Donc, yule mama wa mikate, mwenye alirudi Tanzania..."

"Ndiye mimi, madamu."

"Amerudi lini?"

"Leo."

Walicheka. Jamani, walicheka! Mama mmoja wa Bukirasazi alilazimika kutolewa nje apate hewa. Na mimi nikacheka nao, huku machozi yananitoka, na hayakuwa ya kucheka.

Baadaye Madamu Zaituni akanivuta pembeni. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Akasema, "Mama, siku ile mabati ilikuwa ndani ya gari. Mabati nane, na trei. Ilikuwa ya mama wa mikate. Tukaipeleka Mwakiro." Kwa Jeneroza, maana yake. Jeneroza mwenyewe akanishika mkono akasema nichukue mawili yake, nikakataa, kwa kiburi gani sijui, labda kilekile kilichoringa na barua. Na kwa kuwa kwenye karatasi zao mimi ni wa kuku, nikapewa kuku. Nilirudi Butihinda na kuku sita kwenye tenga, kitenge changu kizuri kimechafuliwa mpaka magotini.

Mvua ilikuja wiki iliyofuata. Upande wa kushoto wa tanuri ulianguka wa kwanza. Upande uliobaki wanalala kuku, na wanataga vizuri, siwezi kuwasingizia. Lakini alfajiri bado naamka saa ileile ya kuwasha moto, nakaa kitandani, na sina cha kuwasha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nimeapa sitaficha tena hata kijiko. Juzi kapita mwanamume mmoja ana daftari kwapani, hajamaliza kusalimia nimeshamshika mkono: nikamwonyesha trei, kuku, mayai, redio, godoro Anicet akalitoa nje, sufuria mpaka ile iliyotoboka, nikampeleka na nyuma ya nyumba nikamwonyesha tanuri lilipokuwa, nikamwambia mikate nilikuwa napika mimi, hapa hapa, na sikuhama kwenda popote. Alisikiliza mpaka mwisho, mtu mstaarabu. Halafu akasema, "Asante sana, mama. Nilitaka kuuliza njia ya kwenda shuleni."

Nikamwonyesha na hiyo.