Mabwana wa Uingereza Jikoni kwa Bibi

Enzi zetu kitabu hakikusomwa na mtu mmoja kimyakimya kama anayeficha kitu. Kilisomwa kwa sauti, na waliosikiliza walikuwa na haki ya kumkatiza msomaji, kumgombeza bwana harusi na kumsema mama mkwe. Watu husema sisi Wahaya tunapenda kujisifu. Haya, leo niacheni nijisifu.

Nakumbuka msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, kule kijijini Nshamba. Asubuhi, jikoni kwa Bibi kumetandikwa nyasi mbichi zinazonukia, moshi unatuchoma macho, na katikati kuna gunia linalochezacheza. Mama, Bibi na jirani yetu Ma Yustina wamenyoosha miguu, wananyonyoa mabawa na miguu ya senene. Sisi watoto tulipewa wetu kwenye ungo, na ole wako ule kabla hawajakaangwa. Mikono ina kazi, masikio hayana. Hapo ndipo alipoingia Shangazi Koku, mdogo wake baba, binti pekee mjini na vijijini aliyesamehewa kunyonyoa senene ili atusomee.

Alikuwa na kitabu kimoja tu, kimetoka jalada, alichopewa na mwalimu wake alipomaliza sekondari. Kilikuwa cha mapenzi ya Waingereza wa zamani sana, wenye magari ya farasi, glovu na kumbi za kucheza dansi. Macho yake yalisoma Kiingereza, mdomoni kikatoka Kihaya. Mabwana wakubwa walipokasirika aliwasemesha Kiswahili, kwa sababu kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya mkuu wa wilaya. Farasi hatukuwahi kumwona. Tulipotoka nje tulikalia gamba la mgomba, tukateleza bondeni tukipiga kelele kwamba tunakwenda dansi, tukarudi na matope hadi kwenye kope.

Na nawaambieni, hadithi zile tulizielewa kuliko wenyewe Waingereza. Binti anakunja magoti mbele ya wakubwa? Kwetu nani hakupiga magoti akisalimia? Kijana hawezi kumshika binti mkono bila watu kuuliza yeye ni wa ukoo gani? Hilo lilihitaji kufafanuliwa kweli? Shangazi aliposoma kwamba shamba lote la familia linakwenda kwa mtoto wa kwanza na mdogo anabaki kutangatanga, Ma Yustina alipiga kofi paja lake. "Mawe!" akamwita mama yake kwa Kihaya. "Kumbe na wao?"

Wanawake wakamtupia Shangazi jicho, na hata sisi watoto tulijua kwa nini. Shangazi alikuwa amependwa na Mwalimu Rwehumbiza wa shule ya msingi, na yeye alimpenda. Lakini Mwalimu alikuwa mtoto wa pili. Kibanja chote, migomba na mibuni, kilikuwa kimekwenda kwa kaka yake. Babu alikwisha kufariki, neno la mwisho lilikuwa la Bibi, na Bibi alilisema mchana kweupe: "Binti yangu hawezi kula chaki." Msimu ule wakaanza kumtaja mwanamume mwingine, mwenye kibanja kikubwa na wake wawili aliowafukuza. Shangazi akakonda. Ila kusoma hakuacha.

Asubuhi moja tukafika pale kijana asiye na shamba anapotaka kumposa binti. Wanawake wote wakanyanyua vichwa. "Amekuja mwenyewe?" akauliza Bibi kwa ukali.

"Hapana, mama," akasema Shangazi, macho kwenye ukurasa. "Ametuma mshenga."

Akamsoma mshenga yule mpaka tukamwona. Mzee mrefu, fimbo yenye kichwa cha fedha, kofia ameivua mlangoni. Akaletewa kahawa ya kutafuna, akaishika mkononi, akakataa kuitia mdomoni mpaka ajibiwe. Kisha akasema: "Kijana wangu hana shamba, sitawadanganya. Lakini binti yenu akiugua, yeye atakaa kando ya kitanda mwenyewe. Mwenye shamba atamtuma mtumishi." Mama alifuta machozi kwa mgongo wa mkono maana vidole vilikuwa vimejaa mabawa. Basi, baba wa binti akamkatalia.

Bibi alitupa senene chini. "Mpumbavu huyo! Mzee mzima amekujia kwa heshima na maneno kama yale, halafu unamrudisha? Ana moyo kweli?"

Ma Yustina aliinamia ungo wake, Mama akaanza kukohoa na hana kikohozi. Bibi akatutazama mmoja mmoja, akamalizia kwa Shangazi. Mwisho akaokota senene wake na kumnyonyoa taratibu. "Mwambie mwalimu wako atume mtu," akasema. "Awe mtu mzima, anayejua kuongea." Shangazi alilia pale pale juu ya kitabu. Harusi ilifungwa kanisani, ndizi zikapikwa, pombe ya rubisi ikanyweka, na Bibi ndiye aliyecheza kuliko wote.

Sasa naishi mjini, Kashai, nina duka dogo. Siku hizi hadithi zilezile zinasomwa kwenye simu, na mimi nazisikiliza huku napima sukari, spika moja sikioni, sikio jingine nimeliacha kwa ajili ya wateja. Watu wanashangaa mama wa Kihaya na mabwana wa Uingereza wapi na wapi. Mimi nimezoea mapenzi yanayosubiri, na sauti ya mtu anayenisomea mikono ikiwa kazini. Binti yangu Asimwe hucheka: "Mama, kitabu kizima wameshikana mikono mara moja tu! Huchoki?" Sichoki. Ninyi mnapendana kwa vikatuni vya mioyo asubuhi, bando likiisha na mapenzi yamekwisha.

Ndipo siku moja nikakikuta humo kwenye simu kitabu cha Shangazi. Nilikitambua kwa majina ya watu. Nikafunga duka, nikakaa kumsubiri mshenga. Hakuja! Kijana alikwenda peke yake, amelowa mvua, akaomba mwenyewe, na baba akakubali pale pale. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Hakuna mzee wala fimbo.

Msimu huu wa senene nilimchukua Asimwe tukaenda Nshamba. Shangazi macho yamefifia, hasomi tena, ananyonyoa senene kwa kupapasa. Mwalimu, mvi tupu, hukaa kando yake akiondoa mabawa aliyoyasahau mkewe, na saa ya dawa ya macho ikifika humwekea mwenyewe. Wasichana wa kazi wapo, hataki wamguse. Nikawasha simu. Tulipofika kwenye ile mvua, Shangazi akaanza kutabasamu.

"Shangazi, mshenga yuko wapi?"

"Nilimtengeneza mimi," akasema bila aibu yoyote. "Ulitaka mama yangu amtoe binti kwa mtu aliyekuja peke yake, tena amelowa?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikajisikia fahari ambayo siwezi kuieleza. Wasomaji wa kwenye simu wana sauti nzuri, hilo siwanyimi. Lakini wanawasomea watu wasiowajua. Sisi tulisomewa na mtu aliyejua nani jikoni anahitaji kusikia nini, na ambaye maisha yake yalikuwa ndani ya ukurasa ule. Raha ile watoto wetu hawakuipata, na ninawaonea huruma.

"Mzime huyo Mwingereza," Shangazi akasema. Akafumba macho, akaanza kusoma kitabu ambacho hakikuwepo mkononi: kofia mlangoni, kahawa kiganjani. Asimwe akavua spika za simu yake masikioni, zote mbili. Na mshenga aliposimama kusema maneno yake, Mwalimu aliacha ungo, akafuta mikono, akakaa wima kama kijana anayesubiri kujibiwa.