Kitufe cha Kunyamazisha

Parjiman wa Bantul hakumwamini mtu, na kompyuta ndiyo kabisa. Alikuwa akikodisha spika za harusi, kazi isiyo na ugumu ila kwa jambo moja: adhana ikianza, muziki unyamaze papo hapo. Kompyuta yake ya mkononi ilikuwa na vitufe vya muziki pembeni, kimoja cha kunyamazisha, lakini tangu Murti, binti wa mdogo wake, amwekee mfumo mpya wa Linux, vilibaki pambo tu. Harusi iliyopita alihangaika na kipanya huku muziki wa dangdut ukimjibu mwadhini maneno ya mapenzi. Mzee wa msikiti akamwambia kwa upole, tena akitabasamu, kwamba ikitokea tena watu watamchukua Tukijan badala yake. Upole ule ulimtisha kuliko matusi.

Na Tukijan huyo, mpinzani wake, juzi alionekana akinywa chai ofisini kwa Murti, fundi wa kompyuta wa chama cha ushirika. Chai ya nini? Parjiman alijumlisha mambo hayo usiku kucha, na kila akijumlisha alipata jibu lilelile: vitufe vimeuawa makusudi.

Alimwita Murti, akamkalisha mahali ambapo mikono yake inaonekana.

"Pakde, sogea kidogo. Unanipumulia shingoni," Murti alimwambia baba yake mkubwa.

"Wewe fanya kazi, Nduk, mwanangu. Mimi natazama tu."

Murti akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. "Haya, bonyeza kitufe chako."

Akabonyeza. Mstari wa maandishi ukatokea. Akabonyeza tena, ukatokea mwingine. Akaurudisha mkono kama aliyegusa kikaango.

"Kumbe kila nikigusa inaandika. Inamwambia nani?"

"Inakwambia wewe. Inasema kitufe hiki sikijui, na namba yake ni hii, nielekeze kinafanya nini. Hata amri ya kuandika imekuonyesha."

"Imeanza lini?"

"Siku ileile nilipoiweka. Nilitaka tujaribu vitufe, ukaninyang'anya mashine ukasema nimeshaichezea vya kutosha."

"Na Tukijan alifuata nini kwako?"

"Vitufe vyake navyo havifanyi kazi. Ila yeye aliniletea tempe ya kukaanga, ile ya soya."

Murti akaandika namba ile, akaipa kazi yake, akahakikisha mashine haisahau hata ikizimwa. Alipoondoka, Parjiman aliizima na kuiwasha, akaizima na kuiwasha, mpaka betri ikaisha.

Siku ya harusi, Murti akiwa miongoni mwa wanaogawa chai, Parjiman alikaa na kidole juu ya kitufe na mguu karibu na waya wa umeme, endapo kitufe kingegoma. Kipaza sauti cha msikiti kilipokwaruza tu, akabonyeza. Kimya. Wazee wakaendelea na supu yao, mzee wa msikiti hakuinua hata macho. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na hiyo ndiyo kazi ya spika ikifanywa vizuri. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga, akausingizia moshi wa mishikaki ya sate.

Ng'ambo ya ua, Murti akiwa na sinia mkononi, alimwinulia kidole gumba.

Parjiman akageuka haraka kuona ni nani anayepewa ishara ile. Nyuma yake palikuwa na ukuta.