Nimekataa kubeba maneno ya mama na babu, sasa mama amenyamaza

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Admin, tafadhali jina langu libaki kwako. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, na kwetu ni Rungwe, upande wa Lufingo. Baba yangu alifariki mwaka jana wakati wa mvua. Nimebaki na mama, mdogo wangu, na babu mzaa baba ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana, katikati kuna uwanja mdogo na migomba.

Ili mnielewe, niwaeleze jambo moja la kwetu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke haongei na baba mkwe wake wala hamtazami usoni. Ni heshima. Siku hizi wengi wameacha, lakini babu hajaacha na mama hajathubutu. Wakikaribia kukutana njiani, mama hujitanda kanga kichwani na kuingia kwenye migomba mpaka babu apite. Wakiwa na la kuambiana, lazima awepo mtu wa kulipeleka. Zamani alikuwa baba. Alipoondoka, kazi hiyo ikaniangukia mimi.

Mwanzoni yalikuwa maneno mepesi. "Mwambie babu yako chakula tayari." "Mwambie mama yako mbuzi wamelegeza kamba." Lakini baada ya matanga kuisha, maneno yakabadilika. Baba alipoanza kuumwa, mama alimpeleka kwanza kwenye maombi, na hospitali wakafika akiwa amezidiwa. Siku moja babu aliniita barazani kwake akasema, "Mwisukulu wangu," yaani mjukuu wangu, "kamwambie mama yako, angemwahisha hospitali mwanangu angekuwa hai." Nilikuwa nimefundishwa kwamba maneno ya mkubwa hayapunguzwi, nikavuka uwanja nikayasema yote. Mama alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini, akakaa, na jioni ile hatukupika.

Tangu siku hiyo nikawa napokea maneno bila kuyafikisha. Babu akisema neno kali, nikifika kwa mama nasema, "Babu anakusalimu." Mama akinituma kumuuliza babu yeye alikuwa wapi mwanawe alipokuwa anaumwa, nazunguka nyuma ya nyumba, nakaa kidogo, narudi. Nilidhani naleta amani. Kumbe yote yalikuwa yanabaki ndani yangu.

Mama naye akawa hana mwingine wa kumwambia ya moyoni. Akirudi kutoka kuchuma chai, hata kabla hajavua mabuti, ananiita jikoni. "Mwanangu, nimwambie nani kama si wewe?" Ananieleza anavyosemwa kanisani, anavyomwota baba, na mara nyingi anamalizia hivi: "Natamani nami nilale nisiamke. Lakini usimwambie mtu. Ya nyumbani ni ya nyumbani." Nikawa naenda shule na hofu kwamba nitarudi nisimkute.

Kichwa kikaanza kuniuma kila siku. Zahanati walipima wasione kitu. Darasani nasinzia, mpaka rafiki yangu ninayekaa naye ananitania, "Wee, kwani usiku nao unachuma chai?" Nacheka naye, kisha naenda kulia chooni. Mwalimu wetu wa malezi aliniona nikitoka huko, akaniita. Sikumwambia ya mama ya kutamani kufa. Nilimwambia tu ya kubeba maneno. Akaniambia, "Mtoto hawezi kuwa daraja la watu wazima wawili kila siku. Una haki ya kukataa kwa adabu."

Nikakataa. Babu aliponituma tena, nilipiga magoti nikasema, "Babu, nisamehe, hayo sitayapeleka."

"Sasa nani atayapeleka? Mbuzi?"

"Mwambie mwenyewe babu. Yuko hapo jikoni, anakusikia."

Mama kule jikoni aliacha kutwanga. Baadaye babu aliingia ndani akisema kwa sauti ndogo, "Nimechoka fijo," yaani amechoka sana. Mimi nikafuatwa na mama. "Umeniaibisha! Unataka mkwe wangu anisemeshe kama mwanamke wa barabarani? Basi, na mimi sikuambii tena kitu."

Na kweli hajaniambia tena. Ni wiki kadhaa sasa. Anachuma chai, anapika, anamwogesha mdogo wangu, analala. Chakula anakigusa tu. Zamani alisema anatamani kufa nikaogopa. Sasa hasemi lolote, na ninaogopa zaidi.

Lakini kuna kitu kinachoniumiza kuliko vyote, na ndicho kilichonifanya niandike. Tangu nikatae, kichwa changu kimepoa. Nasoma na naelewa. Juzi nilicheka kicheko cha kweli, halafu nikamkumbuka mama, nikajiona mwizi, kama vile nafuu hii nimeiba kwake.

Mwalimu ameona bado nina wasiwasi. Ameniambia yuko tayari kuja nyumbani pamoja na mama mmoja wa kanisani ambaye naye ni mjane, wakae na mama kwanza, halafu na babu. Ila anataka nimweleze kila kitu kabla hajaja. Maana yake nivunje siri ya mama. Mama akijua, huenda asinisamehe. Nisiposema, nani atajua kwamba anazama? Babu yuko hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, lakini hamwoni usoni.

Bado naamini mama yangu anaweza kupona, maana hata mimi nilidhani siponi. Mwalimu anangoja jibu langu Jumatatu. Dada zangu, kaka zangu, na hasa nyie mama zetu mliopita huku: ingekuwa wewe ndiye mama yangu, ungetaka binti yako aseme, au anyamaze?